Swichi Moja, Kurasa Kumi na Nne

Saa mbili asubuhi, chai ya Agnela Mrosso inapoa pembeni mwa kompyuta. Kidole chake kiko kwenye kioo, kinafuata mchoro wa laini ya umeme mkubwa, kilovolti 33, inayopita Kikwe. Swichi iliyokuwa namba saba sasa imepewa namba kumi na moja. Mchoro una kurasa kumi na nne, na Agnela anaisaka ile saba ukurasa kwa ukurasa, kwa macho.

Kompyuta ingeweza kumfanyia kazi hiyo. Haifanyi, kwa sababu programu aliyopewa ni ya kuchorea nyumba.

"Vyoo vimo vya aina sita," anasema mama huyu wa miaka 43, mkazi wa Sombetini. "Swichi ya umeme mkubwa hakuna hata moja. Naichora mwenyewe, na kwa programu hii ni mistari tu. Haijui kwamba ya ukurasa wa kwanza na ya ukurasa wa tano ni swichi ile ile."

Agnela ni mchoraji katika kampuni binafsi inayotengeneza laini za umeme jijini Arusha. Analipwa shilingi laki sita kwa mwezi. Programu hiyo ilinunuliwa kwa milioni nane, fedha ambazo hazipati hata akifanya kazi mwaka mzima. Wakubwa waliichagua hotelini, wamekaa na muuzaji. Anayechora hakuitwa.

Machi mwaka jana, uchaguzi huo nusura uue mtu.

Mafundi walikwenda Kikwe kubadilisha vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya, vilivyopasuka juu ya nguzo. Namba za swichi mbili zilikuwa zimebadilishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mchoro, lakini ukurasa wa tano, ambao ndio waliobeba, ulibaki na za zamani. Fundi Lerionka Laizer akazima swichi aliyoelekezwa na karatasi, ambayo haikuwa yenyewe, akapanda. Kabla ya kugusa waya aliinua kipimo cha umeme, kama anavyofanya kila mara kwa miaka kumi na miwili. Kikalia.

Alishuka, akaketi kwenye mahindi ya watu, akampigia simu Agnela.

"Dada, karatasi yako inasema hapa hakuna umeme," alimwambia. "Kipimo kinasema upo. Nimwamini nani?"

Wiki hiyo hiyo Agnela akapokea barua ya onyo. Kosa: uzembe. Walionunua programu ya vyoo hawakuandikiwa hata mstari mmoja.

Barua hiyo iliwachoma mafundi kuliko ilivyomchoma yeye. Lerionka na wenzake saba walimwambia meneja kwamba hawapandi tena nguzo mpaka waahidiwe kwamba mchoraji atakuwa chumbani programu nyingine itakapochaguliwa. Ndivyo Agnela alivyoketi, mwezi uliopita, mbele ya wauzaji wawili.

Walimwonyesha rangi na picha zinazozunguka. Yeye aliwapa kazi moja: badilisha namba ya swichi ukurasa wa kwanza, kisha fungua wa tano. Wa kwanza alisema huduma hiyo inauzwa peke yake. Wa pili alibadilisha, akafungua, namba ya zamani ikamkodolea macho.

Agnela akafungua kompyuta yake mwenyewe, yenye programu ya bure aliyojifunza nyumbani. Akabadilisha namba mara moja, kurasa zote kumi na nne zikabadilika.

"Cha bure tutakiaminije?" meneja akauliza.

"Cha milioni nane tulikiaminije?" Agnela akamjibu.

Uamuzi unasubiriwa mwisho wa mwezi. Agnela anataka barua ile itolewe kwenye faili lake. Wakati akisubiri, ameongeza kisanduku kwenye kona ya mchoro wa Kikwe, chini ya jina la aliyechora. Kimeandikwa "Aliyechagua programu", na bado ni kitupu.

"Atakayechagua ajaze jina na namba ya simu," anasema, akiushika mpini wa kikombe chake kilichokwisha kupoa. "Kipimo kikilia tena, Lerionka ajue wa kumpigia."