Mji Uliomkataa Mpiga Dramu Wetu

Kabla ya vita tulikuwa watatu: mimi kwenye gitaa, jirani yangu kwenye besi, na mpiga dramu kutoka Ryansoro. Tulipiga roki kwenye harusi za Gitega, na wazee walilalamikia makelele huku miguu yao ikicheza chini ya meza. Mpiga dramu alilala kwetu, akala kwa mama yangu, na hakuna aliyemuuliza kabila.

Vita vilipokuja, mji ukaanza kuuliza. Mtaa huu ukawa wa hawa, ule wa wale. Watu niliokua nao walitazama pua ya mtu kwanza, ndipo waitikie salamu.

Tukaalikwa harusi mtaa wa Yoba, mchana, maana jioni hakuna aliyethubutu kutoka. Tukiwa tunaunga nyaya, baba wa bwana harusi akanivuta kando.

"We kijana, ule wa dramu asipige. Wageni iko na wasiwasi."

"Mzee, si alipiga kwenye harusi ya binti yako? Ulicheza mpaka shati likalowa."

"Ile ilikuwa zamani."

Zamani! Binti mwenyewe alikuwa pale, ananyonyesha mtoto wake wa kwanza.

Mpiga dramu alisikia. Akaanza kukusanya vyombo vyake. Mimi nikashika mikro.

"Mji huu umeoza," nikasema. "Tunajisifu kwamba tunajua kuishi na watu. Uongo! Leo mnamfukuza huyu, kesho mtaogopana hata ndugu kwa ndugu."

Wakazima jenereta. Nikaendelea kwa sauti yangu mwenyewe, mpaka waliponisukuma nje.

"Umesema kweli," mpiga dramu aliniambia njiani. "Lakini sasa mi ndiye wataniangalia kwa jicho baya."

Akaondoka mjini. Sikumwona tena. Baba yangu, fundi cherehani, akakimbiwa na wateja kwa sababu ya maneno yangu, naye akanipeleka Muyinga nikauze vitenge dukani kwa shangazi.

Bunduki zilipopungua, yule mzee wa harusi ya Yoba aliingia dukani kwetu, anatabasamu.

"Rudi, mwanangu. Tunafanya sherehe ya amani. Mi nimesema siku zote, muziki haina kabila."

"Na mpiga dramu?"

"Tutakupatia mwingine. Iko wengi."

"Basi huo mji wenu mpigieni wenyewe," nikamwambia mbele ya wateja.

Shangazi alinigombeza: mtu mzima hajibiwi hivyo. Mzee akamchagulia mkewe vitenge viwili, akaomba apunguziwe bei. Shangazi akampunguzia.