Makoti Mawili ya Docta

Vita vilipowakimbiza wenzake, muuguzi wa zahanati moja ya Kampemba, ambaye wagonjwa walimwita docta, alibaki peke yake na vyumba viwili, lakini utaratibu hakuuacha: kwenye chumba cha kifafa alivaa koti jeupe, kwenye chumba cha kifua kikuu alivaa la buluu, na kila mara vidole vyake vinene vilifunga vifungo polepole mpaka cha shingoni. Kahambu alimleta binti yake Dorcelle, mwenye magonjwa yote mawili.

“Docta, tangu ameze dawa ya kifua, kifafa inamuangusha kila siku.”

“Mama, apa ni kichwa tu. Mambo ya kifua, uliza kule.”

Kahambu akazunguka nje, akabisha mlango wa pili. Koti la buluu likamfungulia, likitabasamu kama halijapata kumwona.

“Jambo, mama! Kuanguka? Ile iko ya kichwa. Rudia kule.”

“Aba! Si ni weye tu uko kule?”

“Mama, kila kazi na koti yake.”

Akampa vidonge vilevile vya kifua.

Kwenye matanga muuguzi alifika bila koti, akainama, akauliza kwa upole ni ugonjwa gani uliomchukua Dorcelle. Kahambu hakuacha kushika rozari yake.

“Uliza mwenzako wa koti ya buluu,” akasema. “Mungu alimufungulia mulango moja tu, akaingia na kichwa na kifua.”