Dubu Ndiye Pua Yake

Jua bado halijagusa bonde, na Onofre Abeyta tayari kapiga magoti mlimani, anaongea na shimo.

"Umeniwahi tena, mzee," anasema. "Umeniachia kidogo au umekula zote?"

Shimo hilo hakulichimba yeye. Kalichimba dubu. Kingo zake zimechanwa na kucha, udongo bado umelowa, na katikati kuna kipande cha mzizi kilichotafunwa kikatemwa. Ukungu unapita taratibu kati ya magogo meusi ya miti iliyoungua, kama mtu anayetafuta nyumba aliyokaa zamani. Chini ya magogo, miti michanga ya aspeni imeshafika kiunoni. Majani yao yote ni ya njano, na hakuna upepo, lakini yanatetemeka.

Onofre anaokota kile kipande, anakifuta kwenye suruali, anakileta puani. Anafumba macho. Anavuta pumzi ndefu, halafu anasubiri.

"Hamna kitu," anasema. Anakitia mfukoni hivyo hivyo.

Nusu ya watu wa kijiji cha Rito Manso, upande wa Mora huku New Mexico, wanamtegemea mtu huyu kifua kikibana. Anachimba chuchupate, mzizi wa milimani ambao mtu wa kikohozi anautafuna, na mtu wa mafua anauchemsha akajifukiza mpaka pua izibuke. Mfuko mdogo ni dola kumi. Asiye nazo analeta mayai au kuni. Kazi hiyo kaifanya tangu ujana, na sasa ana miaka sitini na moja.

Tatizo ni kwamba hasikii harufu. Hata kidogo.

Moto mkubwa ulipokula mlima, wengine waliondoka. Onofre alibaki kulowesha paa la dada yake na kuwatoa kondoo. Alikula moshi kwa siku kadhaa. Paa lilipona, kondoo walipona, pua ikafa.

"Daktari aliniambia nisubiri," anasema huku akichimba pembeni ya shimo la dubu. "Nimesubiri mpaka nimezoea. Kahawa ni maji ya moto tu. Maharage ni matope. Pilipili inaniuma, lakini haina jina."

Angekuwa seremala ungemwambia pole, yakaisha. Lakini chuchupate ina pacha wake, na pacha huyo ni muuaji. Anaitwa sikuta. Maua meupe kama mwavuli, huyu anayo na yule anayo. Majani ya kuchanikachanika, hivyo hivyo. Na mzizi unachimbwa vuli, wakati majani yote yamekauka na kuanguka, kwa hiyo hata hayo hayakusaidii.

Ipo alama moja ya uhakika. Chuchupate ina nywele za kahawia kichwani mwa mzizi, kama shingo ya mbuzi mzee. Sasa angalia anachofanya Onofre. Anang'oa mzizi, anakata kile kichwa chenye nywele, anakirudisha shimoni, anakifunika na kukikanyaga kwa upole.

"Baba alisema ukienda nyumbani na kichwa, wewe ni mwizi," anaeleza. "Kichwa ni cha mlima. Kitaota tena."

Kwa hiyo mzizi ukishafika jikoni, ile alama imebaki mlimani. Kinachobaki ni harufu, na harufu ni kazi ya dada yake, Eufelia, mjane wa miaka sabini na nne. Tangu moto ule, kila mzizi umepita kwenye pua yake kabla ya kupita kwenye koo la mtu.

Jumapili Eufelia anahama. Binti yake, Bernadette, anakuja kumchukua akakae naye Pueblo, kule Colorado. Magoti yake hayawezi tena kubeba kuni kwenye theluji.

"Nikishamsindikiza, nafunga kazi," anasema Onofre. Anaangalia chini, kwenye mabomba ya moshi ya kijiji. "Sitaki kuua mtu kwa sababu ya dola kumi."

Dubu mwenyewe, Onofre hajawahi kumwona. Anakuta mashimo, anakuta manyoya kwenye magome. Mara moja, ukungu ukiwa mzito, alisikia mtu anahema karibu yake, kwa utulivu kabisa, akajua si mtu. Akakaa kimya mpaka pumzi ile ikaondoka.

"Nimemwota," anasema, na anacheka peke yake. "Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kavaa pua yangu. Nikamwambia nirudishie. Akaniambia, subiri, naitumia."

Anashuka na magunia mawili. La kijivu limetoka kwa dubu. La bluu limetoka kwenye kinamasi kilichoko chini ya mteremko, mahali alipoonyeshwa na baba yake.

Jikoni kwa Eufelia jiko la kuni linanguruma. Primitivo Lovato, dereva wa basi la shule, kakaa karibu nalo, kichwa kimelala upande. Sikioni kabana soksi iliyojaa chumvi iliyopashwa moto.

"Dada Eufelia, nasikia kama niko chini ya maji."

"Hata zamani ulikuwa husikii. Muulize mkeo."

"Kifua nacho kinalia kama mlango."

"Kifua ni sigara. Hiyo sina dawa yake. Geuza kichwa."

Kijijini wanamjua Eufelia. Anayekuja na mafua anafukizwa, wa kikohozi anapewa mzizi. Lakini mtoto akihema mbavu zikizama ndani, Eufelia hachemshi hata maji. Anachukua funguo za gari na kupiga kelele: kliniki!

Onofre anamwaga gunia la bluu mezani, juu ya gazeti. Primitivo ananyoosha mkono, anachukua mzizi mmoja na kuupeleka mdomoni kama alivyozoea miaka yote.

Eufelia anampiga kofi mkononi.

"Mlafi we! Sijanusa huo."

"Si wa Onofre? Wa Onofre unauogopa nini?"

Eufelia anauchukua. Ananusa. Anaushusha, ananusa tena, na uso wake unabadilika.

"Panya," anasema.

Hakuna anayecheka. Kuni zinapasuka jikoni. Primitivo anafuta midomo kwa mgongo wa mkono, ingawa mzizi haukuifikia.

"Panya vipi?" anauliza Onofre, sauti ya chini.

"Mkojo wa panya, Onofre. Hii ni sikuta. Umeitoa wapi?"

"Kinamasini. Pale pa baba."

"Pale pa baba palikuwa pale pa baba kabla ya mafuriko!" Eufelia anapandisha sauti. "Mlima umeungua, maji yameshusha matope yote na mbegu zote. Unadhani sikuta itakuomba ruhusa kwa sababu baba alikuwa anapita pale?"

Onofre anakaa. Anaikodolea macho mikono yake. "Vichwa vilikuwa vimejaa matope meusi," anasema. "Sikuviosha. Nilijua niko wapi. Nilichimba kwa kukumbuka."

Primitivo anajaribu kumpoza. "Mmoja tu, bwana. Hiyo mingine si mizima?"

"Utampa mkeo?"

Primitivo anakisogeza kiti chake mbali na meza.

Onofre anakunja gazeti na kila kilichomo, anatoka, na nyuma ya zizi anachimba shimo refu mpaka jasho linamtiririka. Haichomi, moshi wake nao ni mbaya. Anaizika, anaweka mawe juu. Anarudi, ananawa mpaka kwenye viwiko, halafu anasimama mlangoni akiliangalia gunia la kijivu kama kitu kilichomkosea.

"Na hili nalizika," anasema. "Basi. Imeisha."

"Lete hapa," anasema Eufelia.

"Dada, imeisha."

"Nimesema lete. Bado niko hapa mpaka Jumapili."

Anatandika gazeti jipya. Ananusa mzizi mmoja mmoja bila haraka, macho kafumba. Mvuke wa birika unapanda na kukaa darini. Akishanusa anaweka kulia. Kulia. Kulia tena. Rundo la kulia linakua. Kushoto hakuna kitu.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kwa dubu. Nachimba pale alipochimba yeye."

Eufelia anafungua macho. "Safi yote. Dubu ana pua kuliko sisi."

"Na yeye haendi Pueblo," anasema Primitivo.

Eufelia anacheka mpaka anashika meza. Hata Onofre, mdomo unamcheza.

Halafu Eufelia anamsukumia Primitivo kipande kimoja. "Kilichoziba ni sikio. Pua yako vipi? Nusa hiki."

"Seleri," anasema Primitivo. "Seleri yenye pilipili."

"Kile nilichokunyang'anya, kilikufikia puani?"

Primitivo anafikiria. "Banda la mahindi lililoingia panya. Nilidhani ni mkono wangu."

"Basi umepata kazi. Dubu anachagua, wewe unahakikisha. Kikikushinda hata kimoja, gunia zima linazikwa. Mshahara wako chumvi ya moto."

"Nyongeza lini?"

"Ukiacha sigara. Zitaua hiyo pua nayo."

Onofre anakitoa mfukoni kile kipande alichotema dubu, anakigeuzageuza. Mwishowe anasema kinamasini hatarudi. Atachimba kwa dubu tu, pembeni, kidogo kuliko dubu, na kila kichwa atakiosha akione kabla ya kukirudisha. Mbegu alizokusanya kiangazi atazipandisha juu ya mteremko ulioungua, theluji izifunike huko. Zitakapoota na kupata mizizi ya maana atakuwa mzee. Anasema hana pa kwenda.

Primitivo anaondoka na soksi yake sikioni. Mchana umelegea dirishani, vumbi la dhahabu linaelea juu ya meza. Eufelia anatia mizizi ya dubu kwenye sufuria, anaiweka mbele ya mdogo wake, anamfunika blanketi kichwani. Amemfanyia hivyo mara nyingi tangu moto ule. Inamfungulia kifua. Pua, bado.

"Unasikia?"

"Hapana," linajibu blanketi. "Niambie inanukaje."

"Nimeshakwambia mara ngapi?"

"Jumapili hutakuwepo."

Eufelia anavuta kiti, anakaa, anainamia mvuke.

"Inaanza na seleri yenye udongo," anasema. "Halafu pilipili inakuja kwa nyuma. Halafu, mwisho kabisa, kabati la mama. Lile la mbao, la mashuka, akilifungua asubuhi."

Mvuke unatoka pembeni, unapanda, unapotea.

"Hilo kabati nalikumbuka," anasema Onofre. "Pua ikirudi, dada, kahawa isubiri. Nyama isubiri. Nataka lifunguliwe hilo kwanza."

Eufelia anadondosha mzizi mwingine kwenye sufuria.

"Basi usitoke humo," anasema. "Mvuke bado upo."