Jino la Udi

"Mwanasaumu, hiyo mashine yenu yanusa maji ama yanusa dhambi?" Ndivyo Mishi, jirani yake wa ua kwa ua, alivyomuuliza asubuhi moja. "Maana kila kisima mnachokiendea hapa mtaani Shika Adabu, mwakikuta na makosa!"

Mwanasaumu alicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni. Kisima cha Mishi kilikuwa kimeshafunikwa mbao. Na chake yeye, kilichochimbwa na babu yake, kilikuwa kimebakiza siku tatu. Kamati ya mtaa ilishakata shauri: kisima kitakachoonekana na mafuta ya taa kitazibwa kwa zege. Kokoto zilikuwa zimeshamwagwa kando yake, zangoja Jumatatu.

Kilikuwa na pumzi yake kisima kile. Ukiinama juu yake mchana wa jua kali, ubaridi wakupanda usoni taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala anaota jambo la heri. Mamake alioshwa kwa maji yale siku ya kufa kwake. Mumewe pia. Kila aliyetoka nyumba ile kwa jeneza alitoka amepitiwa na maji ya kisima kile, na Mwanasaumu, akichota, mara nyingine huona kama wote wako kule chini, wametulia, wamsikiliza kamba ikishuka.

Mashine ilikuwa ya Phineas, fundi wa vyombo vya maabara, mtu wa bara mwenye mvi za kwanza, aliyepanga chumba cha mbele nyumbani kwa Mwanasaumu. Kamati ndiyo iliyomwomba apime visima. Mwanasaumu alimfagilia na kumwoshea chupa za kuchukulia maji. Jina la mashine, spektromita ya masi, alilisikia mara moja akaliacha lilivyo. Ilikuwa na ukubwa wa kasha la cherehani.

"Ni mizani tu, mama," Phineas alimweleza. "Lakini inapima harufu. Kila chembe ya harufu iko na uzito wake. Ya mafuta ya taa inasimama hapa." Akamwonyesha kwenye kioo mistari iliyochomoza kama meno ya kitana.

Mashine kubwa za aina ile, alisema, zajaza chumba kizima na pampu zao zina nguvu. Hii ya kubeba mkononi pampu yake ni dhaifu. Ikibugia hewa nyingi yapaliwa, yapima ovyo. Basi miezi mitatu Phineas alikuwa akiifunza adabu ya kunywa. Aliitia kilango kidogo kinachofunguka na kufunga: funda moja, kisha pumzi, pampu imalize kazi, kisha funda jingine.

"Kama mtu anayefungua saumu," Mwanasaumu alisema.

"Hapo sasa!"

Ajabu ni kwamba kadiri ilivyoboreka, ndivyo visima vilivyozidi kuharibika. Mwezi uliopita, mashine ingali yapaliwa, havikuwa na neno. Sasa kila chupa ilitoa jino pale pale penye mafuta ya taa, jino pana kama gego.

Ijumaa, baada ya sala, Mwanasaumu alimkuta Phineas amekaza macho kwenye kioo. Alikuwa ameifanya mashine ipime polepole zaidi, na lile gego lilikuwa limekonda likawa chonge.

"Mama, angalia. Haiko mahali pa mafuta ya taa. Imesimama kando, ni jirani yake! Zamani mashine ilikuwa inawachanganya." Akakuna kichwa. "Na iko kwa kila chupa, saizi moja. Visima vyote haviwezi kufanana hivi. Unaosha hizi chupa na nini?"

"Kwa maji ya moto, mara tatu, kama ulivyoniambia."

"Halafu?"

"Halafu nazifukiza."

"Unazi-nini?"

Mwanasaumu alimtazama kwa huruma, kama atazamwavyo mtu asiyelelewa na mamake. "Chombo cha maji hakiwi safi mpaka kifukizwe, mwanangu. Wewe ulisema zitakate kabisa kabisa." Alikuwa amezipindua moja moja juu ya chetezo, moshi wa udi uzijae, kama mamake alivyokuwa akiipindua mitungi ya kunywea. Udi wenyewe ulikuwa ule mzuri, wa Idi.

Phineas akainusa chupa moja. Kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. Mwanasaumu hakucheka. Alikuwa akiziona mbao juu ya kisima cha Mishi.

Alitoka akachota maji upya, kwa chupa iliyooshwa tu, uchi wa harufu. Akampa Phineas. Mashine ikapiga funda, ikapumzika, ikapiga funda. Pale penye jino pakabaki tambarare kama shuka iliyotandikwa. Penye mafuta ya taa hapakuwa na kitu kabisa.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu.

Hakungoja Phineas awaendee kamati. Alivaa buibui akaenda kwa Mishi mwenyewe.

"Mishi, ile dhambi ilikuwa yangu. Nilizifukiza chupa. Nisamehe."

Mishi alishika kiuno. "Wallahi! Yaani kisima changu kimetiwa pingu kwa kunukia vizuri?" Akaanza kuzing'oa mbao huku akicheka. "Nisaidie basi, mshitaki wangu wee."

Jumamosi chupa mpya zilizunguka mtaa mzima, na hakuna kisima kilichopatikana na kosa. Jumatatu kokoto zilizolewa. Alasiri Mwanasaumu aliketi ukingoni mwa kisima chake, usingizi ukamwiba kidogo, akamwona mamake amepakata ile mashine, aipepea kama mtoto mchanga mwenye mafua. Akazinduka Phineas na Mishi wamesimama mbele yake.

"Sasa udi utauacha, shoga?" Mishi akamtania.

Mwanasaumu akautia mkono ndani ya ndoo, akauacha humo.

"Chupa sitazifukiza tena. Lakini siku yangu ikifika, nioshweni kwa maji haya, na udi mchome mwingi. Mashine muiweke mbali."