Mtu wa Saba wa Nyumba Yetu

Baba yangu na bahari hawakuelewana tangu siku ya kwanza. Tulikuwa na wiki moja tu katika ule mji wa pwani ya Marekani, watu sita kutoka kambi ya wakimbizi ya Lukole kule Ngara, kila mmoja ndani ya koti lililoshonewa mtu mwingine kabisa. Mama mmoja wa shirika, aliyepangiwa kutusaidia, akaona atufurahishe kwa kutupeleka ufukweni. Baba aliinama, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. Kisha akasimama akayatazama mpaka yanapoishia.

"Miaka yote ile tumepanga foleni ya ndoo," akasema, "kumbe maji yote yako huku, na hayanyweki. Haya ni matusi."

Tangu hapo alikwenda kuitazama bahari kila Jumapili baada ya misa, kama mtu anayemchunguza jirani asiyemwamini. Ukungu ulikuja kutoka baharini kila asubuhi na kuondoka bila kudondosha tone, na kila asubuhi baba alitutangazia mvua. Mama alisema huyu mzee angekuwa redio tungekwisha kumuuza.

Mama naye alikuwa na yake. Tulikaa ghorofa ya tatu, na ngazi zile alizifanya njia ya sokoni: hakupita mtu bila kusalimiwa, na salamu yetu haiishi kwa neno moja. Watu walikuwa na haraka zao. Mmoja tu alisimama, mzee wa ghorofa ya pili aliyekuwa na paka. Wadogo zangu walimwamkia shikamoo, nikamfundisha kuitikia marahaba, akaipenda sana. Akawa anawatupia marahaba hata watu ambao hawajamwamkia, hata mtu wa barua.

Tuliishi vizuri basi, lakini tulikuwa watu sita, na mama hakuwahi kukubali kwamba tulikuwa sita. Alipika ya watu saba. Chakula kikibaki, alikitazama kana kwamba kuna mtu amechelewa. Mtu huyo alikuwa bibi, mama yake mzazi, ambaye tulimwacha Lukole. Jinsi tulivyomwacha ni hadithi ya werevu wa baba, na nitaisimulia ingawa yeye mwenyewe hapendi isimuliwe.

Kwetu mkwe ni mtu wa heshima inayochosha. Mama mkwe halali nyumba moja na mume wa binti yake, hali naye chungu kimoja mbele ya macho yake, wala hawasemeshani hivi hivi. Kazi ya ukalimani kwa hiyo sikuianzia Marekani. Niliianza Lukole nikiwa na miaka mitano, kati ya watu wawili waliozungumza lugha moja, Kirundi. Bibi akiwa amekaa mlangoni pake, hatua nane kutoka kwa baba, ananiambia, "Mwambie baba yako turubai linavuja, asije akasema sikusema." Baba amesikia kila neno. Hata hivyo anatazama vilima, ananisubiri nifike, nirudie, kisha ananituma na jibu: "Mwambie bibi yako nimesikia." Narudi hatua nane. Bibi anaguna, "Kusikia anasikia. Kupanda juu ya paa ndiko kunamshinda."

Sasa, kambini kila nyumba ilikuwa na kadi yake ya mgao, na nyumba, hata ikiwa na mtu mmoja, ilipewa turubai lake, sufuria yake na ndoo yake. Baba akatazama mila, akatazama turubai, akaona mambo haya mawili yanakubaliana kuliko alivyowahi kuona mambo mawili yakikubaliana maishani. Bibi akaandikishwa kama nyumba ya peke yake. Chakula alikula chetu, mimi nikimpelekea. Kwenye karatasi alikuwa mjane asiye na mtu. Baba alijisifia jambo hili kwa miaka, kama mtu aliyegundua chumvi.

Zilipokuja siku za kuhesabiwa ndipo kazi ilipokuwa kubwa. Kipaza sauti kilipita alfajiri na mapema, na kila mtu alitakiwa awe mlangoni pake na kadi mkononi. Asiyeonekana alikatwa mgao. Mama alitupanga kwa urefu, nyuso zimeoshwa, na sheria ilikuwa moja: mbele ya mwenye kalamu anasema mkubwa, mtoto hasemi neno. Akisema mko watano, mko watano. Akisema mko tisa, unawatafuta hao wengine moyoni mwako na unanyamaza. Bibi naye alikaririshwa sentensi yake ya Kiswahili, kwa sababu wahesabuji walitumia Kiswahili na yeye hakukijua. Alijifunza sentensi moja tu, lakini aliijua vizuri kuliko sisi tulivyojua sala ya Baba Yetu: "Niko peke yangu, bwana mkubwa. Mume arikufa, watoto wana kwao." Aliitamka kwa huzuni kubwa hivi kwamba siku moja mhesabuji alitaka kumwongezea blanketi. Jioni yake bibi alicheka mpaka akakohoa.

Kisha majina ya wanaokwenda Marekani yakabandikwa ubaoni. Nyumba yetu, watu sita. Nyumba ya bibi, nyumba nyingine kabisa, haikuwemo. Baba alisoma ule ubao mara tatu, na sidhani aliwahi kujisifia tena lile turubai. "Atafuata," akamwambia mama. Siku ya kuondoka bibi alitusindikiza mpaka kwenye lori, hakulia, akanituma kwa mara ya mwisho: "Mwambie baba yako aniandalie kitanda kifupi. Miguu yangu haipendi kuning'inia."

Ng'ambo, yule mama wa shirika alituambia ipo njia ya kumwomba bibi aje. Ila ilibidi kuandika kwamba kambini alikuwa mtu wetu, anakula kwetu, anatutegemea. Baba akasema atafikiri. Kila wiki alifikiri. Aliogopa kwamba akiandika ukweli watauliza mbona kadi inasema vingine, wataona tulidanganya, na watu sita watarudishwa kwa ajili ya turubai moja. Mama alikuwa akimwambia, "Mficha uchi hazai," naye anajibu kwamba amekwisha kuzaa wanne, wanatosha.

Tulikwama hapo mpaka Jumamosi ya maharage.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mama aliteremka chini kufua kwenye mashine, akaniachia mimi sufuria ya maharage. Mimi nikaiachia runinga. Nakiri. Ghafla jengo zima likaanza kupiga kelele, king'ora kila ghorofa, taa zinawaka na kuzima. Mama akaja akipanda ngazi mbio huku wenzake wote wakishuka. Jikoni kulikuwa na moshi, lakini moshi kwetu haukuwa habari. Kule nyumbani nyumba isiyo na moshi ndiyo iliyoulizwa kulikoni. Alizima jiko akipita, bila hata kunigombeza, na hapo nikajua kuna jambo zito.

"Wanahesabu!" akasema. "Vaeni viatu. Osheni nyuso."

Baba hakuuliza. Alichukua mkoba wa karatasi chini ya godoro, akachana nywele. Tuliposhuka, majirani walikuwa wamejazana uwanja wa magari, wengine na nguo za kulalia, mzee wa ghorofa ya pili na paka wake ndani ya foronya. Wamesimama ovyo ovyo, na mama aliwasikitikia. Watu wazima, hawajui kupanga mstari. Sisi tulijipanga. Baba mbele, mama, mimi, kisha wadogo zangu kwa urefu, kadi zote mkononi. Gari jekundu likaingia, wakateremka watu wa zimamoto, na mmoja wao akaja kwetu na daftari.

Akaniuliza mnaishi wangapi. Nikamgeukia mama.

"Saba," akasema mama.

Nilijua tuko sita. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa nikipata alama nzuri za hesabu. Lakini palikuwa na kalamu, na mkubwa amesema. Nikatafsiri: saba.

Yule mtu akatuhesabu kwa kidole, akapata sita. "Wa saba ni nani?"

"Bibi," akasema mama.

"Yuko wapi?"

Nikatafsiri, mama akatazama madirisha ya ghorofa ya tatu. Alikuwa amegundua kwamba hii si hesabu ya kambi, naona, lakini midomo ilikataa kurudisha namba. Yule mtu akautazama uso wake, na nadhani alikwisha kuona nyuso nyingi za watu walioacha mtu ndani. Akazungumza kwenye redio yake, na papo hapo vijana wawili wakavaa barakoa wakaingia jengoni mbio kumwokoa bibi yangu.

Baba ndiye aliyevunjika kwanza. Kiingereza chake wakati huo kilitosha kununua mkate. Akamkimbilia yule mtu huku akipunga kadi: "Hapana! Hapana! Bibi Lukole! Lukole!"

"Lukole ni ghorofa ya ngapi?" akauliza mwenye daftari.

Nilieleza mimi. Ilichukua muda, kwa sababu nilikuwa nacheka na kulia, na kwa sababu vijana walikuwa wamekwisha kufungua makabati yetu yote na kutazama chini ya vitanda. Walirudi na sufuria ya maharage, nyeusi tii, wameibeba kwa heshima kama maiti. Mzee wa paka akawaambia marahaba.

Nilidhani mama angeniua kwa ajili ya sufuria. Badala yake alikaa kwenye ukingo wa njia, pale mbele za watu, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia Marekani. Alisema, "Hata wao, watu wasiomjua, wamekwenda kumtafuta." Alimwambia baba hivyo usoni, kwa Kirundi, na kwa bahati nzuri mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mkalimani pale, na sikumtafsiria mtu.

Jumatatu yule mama wa shirika akaja. Zimamoto walikuwa wameandika juu ya bibi kizee ambaye hakupatikana, na taarifa ikamfikia. Baba alivaa koti lake la watu wengine, akakaa, akasema yote: mila ya mkwe, turubai, sufuria, ndoo, yote. Alisema akitazama dirishani, na mimi nikitafsiri nilisikia aibu mpaka masikioni, kisha nikasikia fahari, kwa sababu aliamini anatufukuzisha na bado alisema. Alipomaliza aliuliza ni lini tutarudishwa. Yule mama akamwambia hakuna anayemrudisha mtu kwa ajili ya turubai. Akatoa fomu. Baba akaandika kwa mkono wake kwamba mama wa mke wake ni mtu wa saba wa nyumba yake, na kwamba alikula chungu cha nyumba yake kila siku.

Bibi angeitwa kuhojiwa kambini. Simu tulipiga kwa mchuuzi mmoja wa Lukole, na pale palikuwa na watu kumi wanasikiliza, maana simu kambini ni kama sinema. Mambo ya kadi huwezi kuyasema mbele ya umati. Mama akamwambia tu, "Mama, wakikuuliza, sema kama ilivyo."

"Usihangaike," bibi akajibu. "Nitasema kama siku zote."

Tulifurahi sana. Baba alinunua kitanda cha mtumba, akakikata miguu kwa msumeno wa kuazima, kikawa upande upande. Alichora mstari wa chaki sebuleni, huku wa mkwe na huku wake, ili mila isije ikavunjika kwenye vyumba viwili. Mimi nilitaarifiwa kwamba nitarudi kazini.

Baada ya miezi saba barua ikafika. Ombi limekataliwa, maelezo ya pande mbili hayalingani. Baba alinisomesha barua ile mara tatu, kama ule ubao. Hatukuelewa. Alikuwa ameandika ukweli wa kwanza mtupu wa maisha yake ya kambini, na hiyo ndiyo karatasi waliyoikataa.

Jumapili mama akapiga simu. Aliweka sauti ya nje ili sote tusikie. Bibi alikuwa na furaha, sauti iko juu, anataka kusimulia kabla hajaulizwa.

"Waliniita," akasema. "Wazungu wawili na mkalimani wao. Walinibana, mwanangu! Eti unakula wapi, eti binti yako hakukulisha, eti mkwe wako amekwisha kusema. Wananitega. Mimi nikawatazama hivi, nikawaambia: Niko peke yangu, bwana mkubwa. Mume arikufa, watoto wana kwao. Wakauliza tena, nikarudia. Mara nne. Sikubabaika hata kidogo. Mwambie mumeo atulie, sikuwachongea."

Mama alishika simu kwa mikono miwili. Baba alikuwa amesimama upande wake wa chaki, na kwa mara ya kwanza sikuhitajika kumfikishia neno.

"Umefanya vizuri, mama," akasema mama. "Umefanya vizuri sana."