Miaka Yangu ya Kuchoma Mahindi

Siku ya kwanza kazini, huko Kanada, shefu, yaani mkuu wa karakana, alinikabidhi gunia la mahindi makavu, akaonyesha jiko la chuma, akasema, "Mimina." Nikauliza ugali utaiva saa ngapi. Hakucheka. "Hapa mahindi ni kuni. Kama huwezi, nenda ukafagie ghala." Mimi mtoto wa kijijini Niemba, Kongo, niliyeshika jembe kabla ya kalamu, nikamimina.

Nawaandikia vijana wa Kalemie kwa sababu nimechoka kueleza kwa mdomo, na kwa sababu kazi hiyo ilimfanya mama yangu mzazi akatae kula kwangu.

Nilikuwa fundi wa majiko ya kupasha nyumba joto. Baridi ya kule inaua. Juu ya jiko kuna tangi la punje. Chini yake parafujo, chuma kilichojipinda, huzunguka polepole na kusukuma punje chache chache motoni, na feni hupuliza joto sebuleni. Majivu ya mahindi huyeyuka yakashikana kama jiwe. Jiwe hilo tuliliita klinka, na usipolitoa kila siku jiko linazima. Mahindi yenye unyevu hutoa moshi mtupu. Wenzangu walipima unyevu kwa mashine. Mimi niliuma punje, nikasema, "Hii bado," na mashine ikanikubali. Kwa jino hilo, na kwa diploma niliyoisomea baada ya kazi, nilipanda kutoka msaidizi hadi ispekta wa jimbo zima. Mkurugenzi, ambaye hakuwa na desturi ya kusifu, aliniambia, "Siku hizi hata mashine inangoja wewe useme kwanza."

Nikastaafu, nikarudi. Kumbe Kalemie kuchoma mahindi ni kukaa kando ya barabara na mbabula, jiko la makaa, ukiuzia wapita njia! Nilipoomba kufundisha shule ya ufundi, mkuu wa shule alisoma karatasi zangu mara mbili.

"Papa, ulichoma mahindi miaka yote hii, na walikupa diploma?"

"Ya kupasha nyumba joto."

"Joto? Papa, huku joto njo kitu tunapata bure."

Karani wake alicheka hadi akatoka nje. Tangu hapo sokoni wananiita Papa Mahindi na kuuliza kama yameiva.

Mama naye alisikia kwamba nilikuwa muuza mahindi ya kuchoma. Ili kulinda jina langu, nilimweleza ukweli alipokuja kula kwangu: sikuuza hata hindi moja, yote yaliishia motoni.

"Mahindi ya kula?"

"Ya kula, mama."

"Sisi tulikimbia vita, tukakula matembele bila ugali, na wewe uko unachoma mahindi ya muntu? Afadhali ungeuza."

Akasukuma sahani, akarudi kwake. Wiki tatu hakukanyaga kwangu. Nilipeleka diploma aione. Aliifunika kwa kitambaa.

Basi nikachomelea jiko dogo la vigunzi, vile viini vigumu vinavyobaki ukishapukuchua mahindi. Mvua zilikuwa zimeanza na magoti yalimuuma mama. Nililiweka chumbani kwake, karibu na dirisha moshi utoke, nikawasha. Alikagua kila kigunzi kwa kidole gumba, akitafuta punje, kabla ya kuniruhusu kukitia. Kisha akanyoosha miguu.

"Hii njo kazi," alisema. "Na kule Kanada, vigunzi munaviweka wapi?"

"Mashine ya kuvuna inaviacha shambani, vinaoza."

"Vinaoza. Na punje munachoma."

Nilikuwa na majibu ya kitaalamu: kigunzi hakipiti kwenye parafujo, kinaisha upesi, nyumba moja ya kule ingemaliza lori. Yote ni kweli. Lakini nilipita kando ya mashamba yale miaka yote ya uispekta, na sikuwahi kumuuliza shefu yeyote swali hilo.

"Ni hivyo, mama," nikasema.

Akalitazama jiko kidogo. "Kesho pika ugali. Nitakuja. Na usimwambie muntu ulikuwa shefu wa watu wale."