Dalali Aliyemnyamazia Binti Yake

Kama umewahi kupita karibu na ghala la mnada siku yoyote ya kazi, basi umemsikia Nyundo hata kama hukumwona. Jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Watu wote humwita Nyundo, kwa ajili ya kinyundo cha mbao anachogongea meza mali inapopata mwenyewe. Alikuwa dalali wa vyombo vya nyumbani vilivyotumika, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Meza ya miguu mitatu aliinadi kama meza ya kuegemeza ukutani, ikanunuliwa. Kioo chenye ufa alikiita kioo cha watu wawili, wakakigombea mtu na shemeji yake.

Kitu kimoja tu kilimtia hofu duniani, nacho ni kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwahi kuuza kabati. Dalali akinyamaza kidogo tu, mnunuzi hukumbuka kwamba kabati analo nyumbani. Kwa hiyo Nyundo aliziba kila mwanya kwa maneno, kazini, njiani, mpaka mezani. Hata chumvi hakuiomba kama watu wengine.

"Naona chumvi pale," alikuwa akisema, "chumvi safi, imetumika kidogo, nani ananisogezea?"

Mkewe, aliyekuwa mwoka mikate na kuamka kabla ya jogoo, alimsogezea bila kufumbua macho. Mchana alipotoka kazini alikuwa hafai kwa lolote ila usingizi, na hivyo kazi za shule za binti yao zikamwangukia baba. Binti alikuwa darasa la kwanza, mfupi, wa uso wa duara, na baba yake alimbandika jina la Kisoda. Nyundo hakulalamika hata kidogo. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, akanyoosha mkono kutafuta kinyundo.

Siku moja akaitwa shuleni. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mpole mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, alimkaribisha kwenye kiti cha watoto. Nyundo akakaa, magoti yakamfika masikioni.

"Mzazi, huyu mtoto ana akili," mwalimu alianza. "Herufi zote anazijua. Ila nikimwambia asome, ananitazama mdomoni. Ananingoja mimi. Na hesabu nazo ni hivyo hivyo. Juzi nimemuuliza mbili na tatu, akasema tano, halafu akawageukia wenzake, akauliza kama kuna mwenye sita."

"Akapatikana?" Nyundo aliuliza kabla hajajizuia.

"Wakapatikana wanne," mwalimu akasema kwa uchungu. "Sasa sikiliza, mzazi. Ijumaa ijayo kila mtoto atasoma ukurasa mmoja mbele ya darasa, na wazazi mtakuwepo. Ukurasa nitauchagua mimi siku hiyo hiyo. Asiyeweza atabaki darasa la kwanza."

Nyundo mwenyewe aliwahi kurudia darasa la kwanza, na mpaka leo anakumbuka wenzake walivyohamia chumba cha pili na mabegi yao, naye akabaki na watoto waliomfika kifuani. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, na kwa mtu wa mdomo kama wake hiyo ni ajabu. Hakutaka Kisoda ayaonje hayo hata kidogo.

"Niachie mimi, mwalimu," akasema. "Mimi nimeuza kitanda kisicho na miguu."

Mwalimu hakuonekana kutulia.

Jioni hiyo Nyundo akafungua kitabu cha kusomea juu ya meza, akamkalisha Kisoda upande huu na kinyundo upande ule. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa pembeni anamenya viazi.

"Haya," Nyundo akasema, kidole juu ya neno la kwanza. "Neno zuri, fupi, halina hata mkwaruzo. Nani ananiambia? Mara ya kwanza! Mara ya pili! Paka! Limeuzwa kwa binti mwenye riboni!" Akagonga meza, viazi vikaruka.

Kisoda akacheka mpaka akashika tumbo. Neno la pili likauzwa vivyo hivyo, na la tatu. Kati ya mara ya kwanza na ya pili hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata pumzi, sembuse silabi. Mtoto akifungua mdomo, baba ameshagonga. Ukurasa mzima ukaisha kabla kiazi cha tatu hakijamenywa, na Nyundo akajifuta jasho kwa furaha.

"Umeona, mama? Amemaliza ukurasa."

Mama mkwe akamtazama, kisu mkononi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi naona unanadi mwenyewe na kununua mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma, ila mkwe hajibizwi. Nyundo akaangalia viazi, akasema ni viazi vizuri, vimetumika kidogo.

Mnada wa maneno ukaendelea hivyo mpaka katikati ya wiki, ndipo likaja kabati. Lilikuwa kabati la milango miwili, na mlango mmoja ulikuwa na tabia ya kujifungua peke yake na kumpiga aliye karibu. Siku hiyo jirani wa ghala alikuwa anakata vyuma, kipaza sauti kikagoma, na Nyundo akaapa kwamba kabati halilali pale. Akalinadi kwa koo tupu asubuhi nzima. Akaliita kabati linalokaribisha wageni. Mwishowe likapata mtu, kinyundo kikashuka, Nyundo akafumbua kinywa aseme "Limeuzwa", na pakatoka sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Daktari akamwangazia tochi kooni, akatikisa kichwa. Asiseme neno, hata kwa kunong'ona, mpaka sauti irudi yenyewe. Akikaidi, ataishia kunadi kwa vidole.

Nyumbani wakaipokea habari hiyo kila mtu kwa namna yake. Mkewe akalala usingizi ambao hakuulala tangu harusi. Lakini Nyundo alikuwa na hofu ya kweli, kwa maana Ijumaa ilikuwa keshokutwa na nusu ya kitabu ilikuwa haijauzwa. Alipomwona Kisoda anakuja na kitabu chini ya kwapa, machozi yalimlengalenga.

Wakakaa. Akaweka kidole juu ya neno la kwanza. Kisoda, kama kawaida, akamtazama mdomoni. Mdomo haukuleta kitu. Nyundo akakidaka kinyundo ili angalau agonge, mama mkwe akamnyang'anya, akakiweka kitini na kukikalia.

Basi wakabaki hivyo. Kimya kikashuka sebuleni, na Nyundo akateseka nacho waziwazi. Vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu. Jasho likamtoka, akajua kabisa kwamba mnunuzi huyu naye anaondoka.

Kisoda hakuondoka. Aliuchoka mdomo wa baba yake, akainamia kitabu.

"M... ba... mbwa," akasema.

Nyundo akaruka kitini. Hakuweza kushangilia, akapunga mikono yote miwili kama anayefukuza nyuki. Kisoda akacheka, akarudi kwenye mstari. Neno la pili likachukua muda mrefu, la tatu likachukua muda zaidi, na kwenye la nne Nyundo aliuma leso. Mpaka viazi vinaiva walikuwa wamemaliza ukurasa mmoja, na safari hii aliyeusoma alijulikana.

Kisoda akafunga kitabu, akamtazama baba yake kwa huruma.

"Baba," akasema, "usipone kwanza."

Mama mkwe akaenda kuangalia viazi kwa haraka. Nyundo akabaki amekaa, neno lile limemkaa kifuani kuliko kelele zote alizopata kupiga, na aibu ikamshika. Ndipo alipoelewa kwamba mtoto alikuwa hajakosa akili wala sauti. Alikosa nafasi, na nafasi yote alikuwa ameijaza yeye.

Ijumaa asubuhi, bafuni, sauti ikarudi. Aliijaribu kwa ndoo iliyokuwa karibu. "Ndoo nzuri, haivuji," akasema, na ikatoka safi. Akafurahi nusura aiuze. Kisha akakumbuka, akafunga mdomo, akatoka akiwa amejifunga skafu shingoni kama mgonjwa.

Darasani wazazi walijipanga ukutani. Zamu ya Kisoda ilipofika, mwalimu akafungua ukurasa ambao hawakuwahi kuugusa.

"Mbuzi wa babu," Kisoda akasoma, polepole, "amekula..."

Akakwama. Akaliangalia neno. Akawaangalia watu. Akamtafuta baba yake, na macho yakamtua mdomoni.

Nyundo alilijua neno lile. Alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, limekaa tayari, pamoja na sauti ya kulitoa. Mzazi mmoja akakohoa. Mwalimu mwenyewe akashindwa kuvumilia, akafumbua kinywa amsaidie mtoto, na Nyundo akamtolea jicho, kidole midomoni. Mwalimu akafumba kinywa chake.

"Mwa," Kisoda akasema. "Mwavu." Akakunja uso, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halimwingii akilini. "Amekula mwavuli?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," mwalimu akasema.

"Mbuzi mjinga," Kisoda akasema, akaendelea mpaka nukta ya mwisho.

Mwalimu akamshika mkono Nyundo mlangoni. Akampa hongera, akampa na pole ya koo, akamwambia darasa la pili linamngoja mtoto. Nyundo akainamisha kichwa tu.

Walipofika barabarani Kisoda akamvuta shati.

"Nimekusikia asubuhi," akasema. "Ulikuwa unauza ndoo."

Nyundo akasimama. Akaifungua skafu shingoni.

"Nikadhani utanisomea," Kisoda akasema.

"Hata mimi nilidhani," baba akasema.

Wakatembea. Mbele ya kibanda kimoja chenye bango la mbao Kisoda akasimama ghafla, akainua uso. "Ki," akasema. Nyundo akasimama naye katikati ya njia, wapita njia wakawazunguka wakinung'unika. Kinyozi akachungulia nje, mashine mkononi.

"Karibu, mzee. Ni wewe unayenyolewa au ni mtoto?"

Nyundo akaweka kidole midomoni. Kinyozi akanyamaza, ingawa hakuelewa, mashine ikiendelea kuvuma, wakasimama wote wawili wakimngoja.

"Kinyo," Kisoda akasema. "Kinyozi."

"Ndiyo mimi," kinyozi akasema.